Mama Samia, Salamu Zako Tumezifuta

Mama, mwaka umezunguka tangu Ijumaa ile ulipolaza kichwa juu ya meza ya cherehani, ukasema unapumzika kidogo, na hukuinuka tena. Daktari alisema ni presha. Wapo waliotunong'oneza tusikubali, eti mtu aliyeshona mpaka jana yake hafi hivi hivi. Sisi tulikubali. Shaka zetu tuliziweka kwingine, na leo tutazisema.

Tunakuandikia gazetini, mbele za watu, kwa kusudi. Kuna watakaosoma kwa huzuni, na kuna watakaosoma kwa sababu zao. Mji ule wa ng'ambo ya mpaka hatuutaji, wala hatumtaji mama yeyote aliyekaa kwenye kiti chako cha wateja. Majina yaliyomo humu ni ya nyumbani kwetu na ya jirani yetu tu, kwa hiyo anayewinda mengine asijichoshe.

Hapa Ushirombo walikujua kwanza kwa vitenge. Ulikuwa ukivuka mpaka kwenda kuvinunua, unarudi na marobota, na sokoni hakuna aliyeweza kukupunja. Kisha safari moja mji ule ukazingirwa na wenye bunduki ukiwa ndani. Barabara zikafungwa, ziwa likafungwa, na simu yako ikawa haipatikani tangu sisi huku tunapanda mahindi mpaka tunayavuna. Baba aliacha kunyoa ndevu. Ulirudi umekonda, na sokoni waliuliza mzigo uko wapi. Ukawajibu kwamba vitenge vimeshavaliwa. Muda mrefu baadaye ndipo tulipojua kuwa vilitumika kufunika waliokufa.

Hukusafiri tena. Ukanunua cherehani, ukakaa. Ila tabia ulizorudi nazo zilitushinda. Kipande chochote cha ubao ulikiokota, ukisema hicho kinachemsha chai. Na chumvi, Mama. Mpaka leo tunaiokota. Tumeikuta kwenye droo ya cherehani, ndani ya sanduku la nguo za sikukuu ya Idi, na kifuko kimoja ndani ya kofia ya Baba, ambaye alikwenda nayo msikitini bila kujua. Mama mdogo Zuhra alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli.

Ndipo ukaanza ile kazi yako. Wanawake waliotoka mji ule walikuwa wametapakaa huku kwetu kimyakimya: wengine wanalima vibarua huku Bukombe, wengine wanapika kwenye makarasha ya Rwamgasa, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Walikuwa hawamwamini mtu. Wewe walikuamini, kwa kuwa mlikuwa wote ndani. Mteja akija kupimwa gauni, unaweka simu yako ya kupangusa mezani ikirekodi, unamwambia, "Hii inasikia. Ukitaka niizime, naizima. Jina lako sitaliandika popote." Rwamgasa ulikwenda kwa bodaboda na kikapu cha maandazi, na mara ya kwanza walikukimbia wakidhani ni mtu wa kodi.

Habari za vita hukuuliza. Ulisema vita kila mtu anavisimulia kwa namna moja, lakini jikoni kila mtu ana lake. Kwa hiyo uliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnakula nini?" Baada ya hapo ukanyamaza, nao wakasema. Mmoja alipikia milango ya kabati la harusi yake, akianza na upande wa mume. Mwingine alichemsha majani ya mparachichi akayaita chai, na wageni wakaomba waongezwe. Mwingine alimfunga jogoo wake mdomo kwa uzi kila alfajiri, asije akawika wezi wakajua. Na yupo yule wa ufagio, aliyefagia uwanja wake kila siku mabomu yakilia, kwa sababu, alisema, "wakitukuta, watukute pasafi." Ulitaka haya yasikike. Ulisema mji ule utaandikwa na walioupiga, na hao hawajui chumvi ilikuwa adimu kiasi gani.

Sasa tukwambie yaliyotokea ulipoondoka.

Katikati ya matanga alikuja mwanaume mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha, sote miguu ni tope tupu, viatu vyake vinang'aa. Akakaa mkekani karibu na Baba, akatoa pole, akasema alikuwa rafiki mkubwa wa Mwahija.

Mama mdogo Zuhra alikuwa anapakua wali. Akasimamisha upawa. "Rafiki wa nani?"

"Mwahija. Tulifanya kazi pamoja, ile ya kurekodi sauti. Aliniambia likitokea la kutokea, nije nizichukue."

"Karibu chakula kwanza."

"Nimeshakula, dada."

Mama mdogo akarudi jikoni na kutuambia, "Mtu wa kula kwanza ndipo aje msibani, ana haraka ya nini? Na huyo Mwahija wake amemtoa wapi?"

Kweli, amemtoa wapi? Tangu mimi Samia nizaliwe, nani amekuita hivyo? Wewe ni Mama Samia. Sokoni Mama Samia, msikitini Mama Samia, na Baba mwenyewe akitaka chai huita Mama Samia. Mwahija ni jina la kitambulisho na la laini ya simu. Aliyekuita hivyo alikusoma mahali, hakukujua.

Baba hajawahi kusema uongo tunaoujua. Siku ile alimtazama yule mtu viatu, akasema kwa upole, "Ile kadi ya simu yenye sauti, bwana, tumemzika nayo."

Muislamu yeyote angecheka au angekasirika. Nani asiyejua kwamba tunakwenda na sanda tu? Mwenzetu hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, akauliza makaburi yako upande gani. Hapo Baba akaacha kutafuna.

Basi tukaanza kukulinda, Mama, wewe uliyekuwa umeshapumzika. Tulikwenda makaburini kwa zamu, asubuhi na jioni, mpaka watu wakasema mapenzi yamemzidi mzee Ibrahimu. Siku moja tulikuta udongo wa upande wa miguuni umechimbuliwachimbuliwa. Jirani yetu Noela wa duka la dawa alisema ni mbwa. Inawezekana ni mbwa. Ila tangu hapo anayetubishia hodi tunamuuliza anamtaka nani, na jina atakalolitaja ndilo tunalomhukumu nalo.

Kadi ilikuwa ndani ya kifuko cha chumvi. Baada ya arobaini tuliketi kuisikiliza, tukikusudia kuipeleka panapotunzwa kumbukumbu za watu, kama ulivyotaka. Baba akaketi karibu na simu. Ukatusalimia.

Yaani hukutusalimia sisi, ulimsalimia yule mama. Lakini sauti ilikuwa yako, ya asubuhi, yenye kikohozi kidogo. Ulimwamkia kwa jina la mwanawe wa kwanza, kwa heshima zote, kama mtu wa kwetu anavyomwamkia mtu mzima. Kisha ukaanza: fulani hajambo? Fulani shule anaendelea? Yule mdogo, jino limetoka? Mumeo bado yuko kwa yule mzee wa ng'ombe pale kisimani? Mkishasalimiana Kiswahili, unampa na *mwangaluka* ya Kisukuma, naye anakuitikia *mhola*, anacheka kwa kuwa ndiyo ameijua juzi. Baba alikuwa anatabasamu. Mimi ndiye niliyeshtuka kwanza, nikaizima.

Mama, uliwaahidi kuwaficha, na hukuandika jina hata moja. Lakini kila sauti umeifungulia kwa salamu, na ndani ya salamu umewaweka wote: mama, watoto, mume, na kisima wanachochota maji. Ungefanyaje? Kuanza kuongea na mama mtu mzima bila kumwita kwa mwanawe, bila kuulizia nyumba yake, hukulelewa hivyo. Wala mtu wa huku asingefanya vingine. Yule mtu wa viatu alikuwa hahitaji habari za milango ya kabati. Salamu zingemtosha kuwapata.

Tukagombana. Mama mdogo Zuhra alisema zichomwe zote tulale usingizi. Baba alisema kazi ya marehemu haichomwi. Mimi nilikwenda kwa yule mama wa ufagio, nikamweleza kama lilivyo. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho.

"Toeni salamu," alisema. "Ufagio wangu uacheni."

"Ndivyo tutakavyofanya, mama."

"Lakini unajua mtamtoa na yeye?"

Nilijua. Wewe ulikuwa unasalimu, unauliza, halafu unanyamaza. Sauti yako karibu yote imo kwenye salamu. Hatuna video yako, hatuna ujumbe wa sauti, ulikuwa unasema anayenitaka aje. Nilikaa na hilo miezi, Mama, nikawa nazisikiliza zile salamu peke yangu mara nyingi kuliko nilivyomwambia Baba.

Mwezi huu wa kumbukumbu yako tumezifuta. Nilikata mwenyewe, Baba amekaa pembeni. Alitaka kila salamu ipigwe mara ya mwisho kabla haijakatwa, na kila ulipouliza "hajambo?" alikuwa anajibu, "Hajambo." Ya mwisho ilipokwisha alitoka nje akafagia uwanja, na ulikuwa umeshafagiwa.

Tumekubakizia lile swali. Halina jina la mtu, halimdhuru mtu. Kila simulizi sasa inaanza na wewe ukiuliza, "Mlikuwa mnakula nini?" Sauti zimeshafika pa kutunzwa. Kabla ya kukata, kila mama tulimpa nakala yake, yenye salamu, aifiche au aichome, shauri lake.

Na wewe bwana, kama unasoma, na tunadhani unasoma: hakuna kitu kaburini. Hakuna kitu nyumbani. Mwache apumzike.

Dua itasomwa nyumbani Ushirombo baada ya sala ya Ijumaa. Waliokujua wanaijua njia.

Unakumbukwa na mumeo Ibrahimu, mwanao Samia, mdogo wako Zuhra, wajukuu, wakwe, jirani yako Noela, na kina mama ambao hatutawataja, ambao sasa nasi tunawaamkia kwa sauti ndogo.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama Samia. Mama Samia, kama walivyokuita waliokujua.