Mama Anarudi Toleo Lijalo

Mtaa wa Calacala,
Cochabamba, Bolivia.
14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Delfina,

Hujambo huko Bergamo? Mgongo unaendeleaje, na baridi imeshaanza? Yule bibi unayemtunza amepata nafuu hata kidogo? Sisi wazima, ila Mama Trifonia miguu inamvimba, na mimi usingizi umenipotea. Barua hii nimempa jirani yetu Lidia, anayesafiri kuja huko Jumamosi. Kwenye simu siwezi kukueleza haya, mwanao Noelia huwa ameketi hapo hapo kanitegea sikio.

Unajua nikitoka sokoni hupenda kuingia dukani kwa Don Wálter, lile la vitabu vya katuni. Mimi si msomaji wa maana. Nafunua hiki, nacheka, nakirudisha, na yeye hanifukuzi. Juzi mvua ilinikuta humo, nikasogea hadi rafu ya nyuma wanapoweka kazi za vijana wa hapa hapa, za kutolewa kopi na kubanwa pini. Nikaokota kimoja. Delfina, moyo ulinilipuka: birika letu la bluu lisilo na kifuniko! Mama Trifonia na fimbo yake! Na mimi, pua kama kiazi, nagombana na muuza mkate.

Ni kazi ya mwanao. Kaandika jina la bandia, lakini pua hii ni yangu. Yapo matoleo matatu, na la mwisho linaishia kwa mwanamke aliyesimama mlangoni na sanduku, ametugeuzia mgongo. Chini yake: "Toleo lijalo: Krismasi, Mama anarudi."

Na wewe umeniambia mimi peke yangu kwamba Krismasi huji, ukaniomba nifunge mdomo mpaka utakapomwambia mwenyewe.

Kibaya zaidi, watu wanakisoma. Vijana wawili walikuwa wanabishana kando yangu.

"Harudi huyo. Akishazoea Ulaya ndiyo basi tena."

"We nyamaza! Mtoto kamchorea mama yake mpaka kandambili mlangoni, halafu asirudi? Ana roho gani?"

Don Wálter naye akanigeukia. "Ehe, mama, wewe unaonaje? Anarudi, harudi?"

Nikasema mimi naangalia tu. Nikatoka nje mvua ikiendelea kunyesha.

Sijakukasirikia. Najua hao mabosi wako hawakupi ruhusa, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Lakini naogopa, Delfina. Naogopa Noelia atanisoma usoni, na naogopa toleo hilo lisije likatoka kabla hujamwambia. Mpigie wewe. Usiniachie mimi.

Jana alikuwa anachora kwenye meza ya jikoni. Kurasa zote zimekwisha isipokuwa ya mwisho: mlango umefunguka, mtu bado hayupo. Hakuinua hata uso.

"Mama mkubwa, nywele za mama siku hizi fupi au ndefu?"

Tangu kamera ya simu yako iharibike hatujakuona. Nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Mama Trifonia anakusalimu na kukuombea kwa Bikira Maria wa Urkupiña, na mjomba Casiano pia anakusalimu. Mungu akufunike huko uliko. Noelia hana salamu humu, kwa sababu hajui kama nakuandikia.

Dada yako akupendaye, anayengoja jibu,
Zenobia