Kompresa Niliifunga Mkanda, Mke Wangu Nikamwacha Kituoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba univumilie kwa urefu wa barua, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote kwa miezi minne na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ni fundi wa mafriji, nina miaka arobaini na tisa, nilianza na bisibisi ya kuazima na leo nina karakana yenye mafundi sita, sikubebwa na mtu, nasema hivi ili ujue kuwa mimi ni mtu wa vipimo, ukiniambia friji haigandishi siangalii machozi yako, naangalia geji. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Huku pwani joto halina likizo, na kwa miaka kumi na miwili ameniomba kitu kimoja tu, nimpeleke akaone misitu ya milimani, ile yenye ukungu na miti yenye ndevu za kijani, ambayo huwafundisha watoto kutoka kitabuni na yeye mwenyewe hajawahi kuitia machoni.

Mwaka huu nikakubali. Nitasema ukweli wote: nilikubali baada ya hoteli moja ya huko juu kuniita niwafungie kompresa ya chumba cha baridi, nikaona safari moja itamaliza mambo mawili. Sasa kompresa haisafirishwi ikiwa imelala, mafuta yake yakiingia kwenye mabomba imekufa, kwa hiyo niliisimamisha kwenye kiti cha mbele nikaifunga mkanda, na mke wangu akakaa nyuma. Mizigo aliipanga yeye, ana mkono wa kupanga, mabegi juu ya tairi la akiba, ndoo juu ya mabegi, hadi mlango wa buti tukaufunga kwa kuusukuma na goti.

Tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri na katika kilomita mia mbili na kumi za mwanzo alinisimamisha mara saba, yaani wastani wa kila kilomita thelathini, mara daraja, mara maporomoko, mara punda, na mimi hoteli nimewaahidi saa sita mchana. Mara ya saba nikamwambia, "Mama, tumekuja kusafiri au kusimama?" Akasema, "Basi, baba, sikusumbui tena." Akajifunika shuka, akalala.

Mlima ulipoanza kulikuwa na kituo cha mafuta. Nikajaza lita thelathini na nane, nikaangalia maji, nikaangalia upepo, nikakaza mkanda wa kompresa, nikaondoka saa tatu na dakika ishirini. Nyuma shuka lilikuwa limevimba vilevile, simu yake iko kwenye chaja.

Njiani nikaanza kumsemesha ili yaishe. Nikamwambia tumebakiza kilomita sitini na moja, kimya. Nikamwambia hapa ni digrii kumi na saba na nyumbani tumeacha thelathini na mbili, kimya. Simu yake ikalia, nikasema, "Pokea simu, mama." Haikupokelewa. Ikalia tena, nikasema, "Haya, mimi nimekuudhi, huyo anayepiga amekukosea nini?" Hapo nikapandwa na hasira, nikatoa hotuba, mshauri, kilomita ishirini nzima, kwamba hana shukrani, kwamba nimejitoa chini peke yangu, kwamba wenzake hawajapelekwa popote, na kila kona nikawa naitupia kompresa jicho isije ikayumba.

Kwenye kilomita ya arobaini na nne msitu ukatokea, ukungu umekaa barabarani, miti ina ndevu kweli. Hasira zikashuka zenyewe. Nikasimama, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma nikasema, "Haya, mama, msitu wako huo." Nikavuta shuka. Chini yake kulikuwa na mto wa kulalia na sweta lake.

Sikumbuki nilivyogeuza gari. Ninachokumbuka ni kwamba kilomita mbili kabla ya kituo nilisimama tena, na sikusimama kumwomba Mungu. Nilichuchumaa nikapitisha viganja kwenye gurudumu na chini ya bodi mpaka vikawa vyeusi.

Nilifika saa tano na nusu. Alikuwa amekaa kwenye kreti la chupa tupu, ndala miguuni, amevaa koti la dada wa pampu. Alikuwa ameenda chooni. Namba yangu haijui kwa kichwa, anaijua yake, kwa hiyo alikuwa anaipigia simu yake kwa simu ya yule dada mpaka ikaacha kupatikana. Dada akaniangalia akasema, "Kaka, wengine husahau miwani." Nikasema niligundua kwenye kilomita ya nne tu, wakati nageuza nikapata pancha. Mke wangu akatazama mikono yangu. Akaenda akaleta jagi, akanimiminia maji. "Nawa," akasema. "Pole na pancha."

Tulipopanda tena sikusimama pale msituni, kwa sababu alama za magurudumu nilipogeuzia zilikuwa bado mbichi kwenye tope. Akatazama kupitia kioo akasema, "Pazuri," basi. Kompresa ilifika salama na inafanya kazi hadi leo.

Sasa tatizo. Kwa dada zake hadithi hii imekuwa kichekesho, kaka yake ananiita Shemeji Pancha, na kila wakinicheka mke wangu ndiye ananitetea, "Jamani, aligundua haraka, mwacheni." Na tangu siku ile, kila akiingia kwenye gari, hata ni kwenda shuleni tu, anafunga mlango, anafunga mkanda, anasema, "Nipo." Hasemi kwa hasira wala kwa utani. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, siku tano kwa wiki, wiki kumi na saba. Ni mara mia na sabini, mshauri, na kila mara shingo yangu inawaka moto.

Je, nimwambie ukweli, au niache, maana ameshaniamini na sitaki kumuumiza upya?

Fundi wa Mafriji

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Aibu uliyonayo ni dalili nzuri, mwenye moyo mkavu asingeandika barua hii. Sasa kaa vizuri nikuambie.

Unajiita mtu wa vipimo, basi tupime. Mkeo alikaa kwenye kreti saa mbili na dakika kumi, na huyu ni mtu anayeishi kwa kengele. Kwa kilomita nne, ungeliacha gari na pancha yake ukashuka kwa miguu, ungefika ndani ya saa moja. Na tairi la akiba si lilikuwa chini ya mabegi aliyoyapanga yeye? Ulipofungua buti hotelini, ndoo haikuwa palepale alipoiweka? Mambo ya "ameshaniamini" yafute. Anajua. Nadhani alikuwa anajua hata alipokuwa anakumiminia maji.

Na usidhani anakutetea kwa sababu wewe ni shujaa. Ataanzia wapi kuwaambia dada zake kwamba mumewe alisafiri na mto wa kulalia zaidi ya saa nzima asione tofauti? Aibu unayoibeba wewe kwa miezi minne, yeye anaibeba pia, tena anaipamba ili wewe usichekwe zaidi.

Kuacha mtu kituoni kunatokea, hata bibi harusi ameshawahi kuachwa ukumbini. Kosa lako ni kwamba ulishazoea kimya chake kiasi kwamba kiti kitupu kilifanana naye. Halafu ukapaka mikono masizi. Hapo, ndugu yangu, hukusahau. Hapo ulipanga.

Kesho asubuhi akiingia na kusema "nipo", zima gari. Mwambie mambo matatu: zilikuwa kilomita arobaini na nne, hakukuwa na pancha, mikono nilijipaka mwenyewe. Ishia hapo. Usimweleze habari za kompresa na mafuta yake, na usitoe hotuba, ya kwako ulishaitoa na hakukuwa na mtu wa kuisikia. Akinyamaza, nyamaza naye, usimjibie. Akichelewa shule, achelewe. Kwa dada zake nenda ukaseme mwenyewe, lakini akikuruhusu yeye.

Msitu bado uko palepale. Siku akikubali kwenda, na ni yeye wa kukubali, kiti cha mbele ni chake, bisibisi zibaki karakana, na akitaka kusimama mara sabini msimame mara sabini, mpaka pale penye alama zako za magurudumu.

Na jambo la mwisho. Mwalimu huita majina kila asubuhi, watoto wakajibu. Mkeo amejibu mara mia na sabini bila kuitwa. Kuanzia sasa, kabla hujawasha gari, geuza shingo hiyo inayowaka moto, mtazame usoni, umwite jina lake. Kisha usubiri ajibu.