Mhadasi Tulioukata Lunyo

Mjukuu wangu Wandera,

Hujambo huko Mbarara? Sisi hapa Lunyo wazima, ila goti langu limerudia ukaidi wake. Shangazi yako alituletea samaki kutoka Majanji, paka akatutangulia.

Umeniuliza mhadasi wa kwenye Biblia ukoje. Mimi niliwahi kuukata, au nilidhani hivyo. Miaka ya sitini, nikiwa msichana, askofu alikuwa anakuja kutoka Tororo, na katekista akataka kanisa lipambwe kwa mihadasi. Akatufundisha dalili: majani huota mawili mawili yakitazamana, hubaki kijani mwaka mzima, na ukiyafikicha yananukia. Maua ni meupe, yenye nyuzi nyingi kama brashi. Tunda hakulitaja, nasi hatukuuliza.

Tulifikicha majani ya Lunyo nzima mpaka tukapata mti wenye dalili zote. Tukaumaliza.

Jumapili, katikati ya sala, mke wa katekista alifumbua macho akaona mapera mabichi yakining'inia madhabahuni.

"Hii mupera ni yangu!"

Askofu akasema amina haraka.

Baadaye mwalimu mmoja alitueleza kwamba mpera na mhadasi ni ukoo mmoja, ila tunda la mhadasi ni dogo, jeusi. Nikakimbia kumwambia yule mama kwamba tulikosea kidogo tu. Hakucheka.

Miaka ikapita, nikaolewa na mwanawe. Asubuhi ya kwanza mama mkwe alinikabidhi mche wa mpera.

"Panda," akasema. "Panga nimeficha."

Nyanya yako