Mama na Mkeka Wake Kwenye Maonyesho

Muna, mbona hupokei simu? Haya soma. Nimejificha nyuma ya sanamu ya samaki wa chuma na sina la kufanya.

Si nilikwambia wazazi wa Sabri wanakuja leo kuniposa? Tukaona tukutane bustanini, mijakaranda imechanua, kuna na maonyesho ya sanamu. Mama kaamka alfajiri kupika pilau. Tumewahi, tukatandika mkeka, tukapakua.

Akapita mzungu, akatutazama. Mama unamjua. "Welcome, karibu chakula." Kwetu mtu angesema ahsante, nimeshiba, akaenda zake. Huyu kavua viatu, Muna. KAVUA VIATU! Akakaa, akasogezewa sahani.

Wa nyuma yake wakadhani na sisi ni maonyesho! Wakaanza kupiga picha. Kila anayepiga picha Mama anamkaribisha, na kila anayekaribishwa anakaa.

Nikamnong'oneza, "Mama, hicho chakula cha wageni."

Akanitazama. "Kwani hawa ni nani?"



Bibi mmoja kaniuliza eti na kesho tutakuwepo?

Sasa mkeka umejaa, waliobaki wamepanga foleni. Wamepanga foleni, Muna! Na pilau imebaki ukoko.

Sabri kapiga sasa hivi. Bado anatafuta pa kuegesha gari, lakini wazazi wake kawashusha zamani.

Nimechungulia. Nawajua kwa picha.

Wamo kwenye foleni. Viatu mkononi.