Gitaa Lako Limefika Huku

Mdogo wangu Paulina,

Salamu nyingi kutoka huku Ujerumani kwenye baridi. Goti la mama likoje siku hizi? Na mvua zimewaachia barabara hapo Karatu, au mnaenda kanisani na matope? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inaumwa, na dawa yake ni kukuambia ukweli. Kwenye simu nimeandika mara tatu nikafuta, ndiyo maana unaona karatasi.

Gitaa lako limefika huku. Yule mtalii aliyelinunua kwako akielekea Ngorongoro ni mtu wa mji huu, na mwezi uliopita alilileta kwenye karakana yetu ya magitaa likiwa na ufa usoni, mrefu kama kidole. Nililitambua kabla sijasoma jina lako na la Karatu ndani. Uso wake ni ile mbao ya sipresi iliyotoka kwenye mabenchi ya kanisa la zamani, na tundu la msumari umelijaza mpaka ukilipapasa huligundui.

Nilipouona ule ufa nilifurahi, Paulina. Nilifurahi kweli. Nilijua uliliunganisha kwa gundi msimu wa ukungu, mbao bado zina unyevu, na nyumba za huku hupashwa moto kutwa hadi hewa inakauka. Lazima lingepasuka. Nikajisemea, baba alinifundisha mimi ufundi huu. Huyu mdogo wangu alikuwa anachemsha gundi na kufagia maranda tu.

Bosi wangu, mzee asiyesifu hata chakula cha mkewe, akanipa nilitengeneze. Nikaziba ufa, nikafunga nyuzi. Akaligonga kwa dole gumba, akapiga uzi mmoja. Kisha akawaita mafundi wote waache kazi waje wasikilize. Miaka sita nasugua shingo za magitaa kwa msasa, hajawahi kumwita hata paka aje aone kazi yangu.

"Huyu Paulina ni wa Karatu," akasema. "Si ndiko kwenu? Unamjua?"

"Karatu ni kubwa, mzee," nikamjibu.

Kubwa! Mji ambao ukipiga chafya sokoni, shangazi anakupa pole akiwa Mang'ola.

Sasa sikiliza. Fundi wetu wa nyuso za magitaa anastaafu, na nafasi yake ndiyo niliyokuwa naingoja miaka yote hii. Bosi hanipi. Anamtaka aliyetengeneza gitaa lile, yuko tayari kumlipia nauli na kushughulikia viza, na ameniomba mimi nimtafutie. Wiki tatu namwambia bado naulizia. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, na nguo yenyewe ni kaka yako.

Wivu haujaisha, usijidanganye. Nikikuwaza umekaa kwenye nafasi ile, nasukuma sahani pembeni. Lakini kabla yule mtalii hajalichukua gitaa lake nililipiga peke yangu, na sikutaka kuliweka chini. Anwani ya bosi iko nyuma ya karatasi hii.

Msalimie mama, na shemeji, na baba mdogo mkulima wa vitunguu. Baba msomee barua, ila pale pa ufa paruke.

Mwandikie bosi siku hiyohiyo utakayoipata hii. Usinisubiri mimi. Nitaendelea kumwambia naulizia mpaka barua yako ifike, kwa sababu kulitaja jina lako kwa mdomo wangu nimejaribu, nimeshindwa.

Kaka yako,
Emanueli