Mukono wa Tata

Siku ya Yenga, siku ya misa, mangaribi.

Na bado batu banamukimbia Tata, baba yangu. Nimechoka, mi mwenye nguvu kupita vijana bote ba Kolwezi.

Tangu jiwe limupige kichwa mu mugodi, kwenye alikuwa kapita, musimamizi wa kazi, Tata anasahau mambo mingi, lakini kusalimia hasahau. Kila asubuhi anasimama ku mulango, ananyosha mukono kwa kila mupita njia. Sasa kolera imeingia, na sitwayen shefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa wetu, amekataza kushikana mikono. Batu banaruka kama bachura. Tata anazani banamuchukia. Leo alilia.

Zamani bamama benye bwana zao baliumia kichwa kazini balikuwa banakuja kukaa naye, ili Mama yangu alale kidogo. Kolera ilikata ile. Mama hajalala muzuri tangu pale.

Leo Mama Kapinga, mumoja wao, akatokea ku lupango, mu kiwanja cha nyumba yetu.

"We mujuaji! Leta beseni, maji na sabuni!"

"Mama, unakuja kuoga kwetu?"

"Funga kinywa. Leta!"

Alinawa, akamunawisha Tata, kiisha akamushika mukono. "Jambo, tata kapita!" Tata akacheka. Balikaa pamoja, na Mama yangu alilala mpaka jua likashuka.

Basi, mi njo mukubwa wa beseni sasa. Lakini sabuni ikiisha, sijui...

Kiisha Tata akaninyoshea mukono. "We mutoto wa nani?"

Nilinawa kwanza. "Wa kapita mumoja, tata. Fundi kabisa."

Akanifinya vidole. "Umusalimie," akasema.