Nilichokiruka Kwenye Barua ya Daktari

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua ukiona mwandiko wangu utashtuka, maana kwenye simu huwa nasema "nzuri", "ndiyo", halafu nampa bibi. Kuandika naweza. Kusema ndiko kunakonishinda.

Nyumba hapa Chuno imekuwa kubwa tangu uondoke na Twalibu. Bibi bado anasonga ugali wa watu watano, na asubuhi tunakula kiporo. Shati la shule la Twalibu nimelifua mara tatu. Lile doa la bibo la korosho halitoki. Ulimwambia, "Ukilichafua utalivaa hivyohivyo mpaka darasa la saba!" Akakujibu, "Basi nitalivaa." Na la kwanza lenyewe hajamaliza.

Mama, unakumbuka siku mliyorudi kutoka hospitali na barua ya rufaa? Mliambiwa yote yameandikwa humo. Mkakaa barazani, baba akaniita kwa mbwembwe, "Mzungu wetu, njoo utusomee." Bibi akadakia, "Huyo shuleni haongei hata na kuku. Kizungu chake anamwekea nani?" Mimi nilijisikia fahari. Darasani nikiulizwa kwa Kiingereza sauti inakwama, lakini nyumbani kila karatasi ya Kiingereza ilipita kwangu kwanza.

Nikaisoma kimya mpaka mwisho. Nilielewa yote, mama. Nilipoinua macho, Twalibu alikuwa mapajani kwako, tumbo limemvimba, ananitazama mdomo. Akauliza, "Dada, na mimi wameniandika?"

Nikasema, "Wameandika unapenda mabibo kupita kiasi."

Alicheka mpaka akakohoa. Na wewe ukacheka, na ulikuwa hujacheka wiki nzima. Hapo nikashindwa. Nikasema wanashauri mkipata nafasi mumpeleke Dar es Salaam, akaangaliwe vizuri. Baba akauliza, "Ni haraka?"

Nikasema, "Hawajasema."

Ndiyo maana akaamua tumalize kwanza kuokota korosho. Wiki tatu. Twalibu alikuwa anakaa chini anatusaidia kunyonyoa korosho kwenye bibo, akichoka analala juu ya gunia. Kila nilipomwona amelala nilitaka kusema. Siku moja nilifungua kabisa mdomo, baba akageuka kunisikiliza, nikaomba maji.

Sasa madaktari wa huko Dar es Salaam wamekuuliza mlikuwa wapi siku zote hizo, na wewe ukampigia baba ukamwambia maneno mawili tu, sote tukasikia: "Korosho zako." Tangu hapo hamjaongea. Ukipiga, anajifanya yuko chooni. Shamba haendi. Gunia la mwisho liko palepale mlangoni, tunaliruka, hataki liguswe. Juzi nilimsikia akimwambia bibi, "Nimeweka shamba mbele ya mwanangu." Mimi nilikuwa jikoni, nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata zamani.

Hapa kila mtu analia peke yake, mama. Bibi analia kwenye mswala, baba uani, na mimi nikiwa njiani kwenda shule, kwa sababu huko hakuna anayenisemesha.

Kesho asubuhi baba anapanda basi kuja huko. Barua hii nitampa yeye, na bahasha sitaifunga. Juu yake nimeandika, "Baba, soma kwanza wewe." Naogopa. Naogopa atakavyonitazama akirudi, na naogopa zaidi kwamba pengine hatanitazama. Lakini siwezi kukaa nikimwona anakonda kwa kosa langu.

Hiki ndicho kilichoandikwa, sasa nakisoma chote: mtoto ana uvimbe kwenye figo ya kushoto, unakua kwa kasi. Apelekwe Dar es Salaam mara moja. Asicheleweshwe kwa sababu yoyote.

Baba aliuliza, mama. Aliuliza kama ni haraka.

Mwambie Twalibu shati lake limekauka, nimelipiga pasi, na doa lake lipo, sijaliiba. Mkimaliza kusoma mnipigie, hata kama ni kunigombeza. Safari hii simu sitampa bibi.

Mwanao wa kwanza,
Somoe